Majivu ya Aina Mbili: Habari ya Udongo wa Usambara na wa Kilimanjaro

Msafiri aondokaye Tanga kwenda bara, akiisha kuyapita mashamba ya mkonge ya Muheza, huiona milima ya Usambara imesimama mbele yake, ina mawingu vichwani na msitu mweusi mbavuni. Akizidi kwenda, akapita Korogwe na Mombo na Same, hufika Moshi, na hapo huuona mlima mwingine, Kilimanjaro, nao una msitu ubavuni kama ile ya kwanza. Mtu asiyeuliza husema moyoni mwake: Milima hii ni ndugu, mvua yake moja, msitu wake mmoja, na udongo wake bila shaka ni mmoja. Tena huongeza neno: Penye miti mikubwa ndipo penye udongo ulioshiba.

Neno hilo tumelisikia kwa wazee na kwa vijana, na sisi wenyewe tulilisadiki zamani. Lakini si kweli, na historia ya nchi yetu yaonyesha jinsi lilivyowaponza watu wengi, wageni na wenyeji, wenye fedha na wasio nazo. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari hiyo tangu mwanzo, kwa maana hata leo yuko mtu ashikaye shoka na kiberiti akiamini kwamba chini ya mti mkubwa kuna hazina inayomngoja.

Mwaka wa 1848 wamisionari wawili, waliokuwa wakikaa pamoja Rabai karibu na Mombasa, waliiona milima hii miwili. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei, na baadaye mwaka ule ule Ludwig Krapf alifika Usambara kwa Mfalme Kimweri, aliyetawala Vuga. Habari zao zilipofika Ulaya, watu wa huko walistaajabia theluji iliyo karibu na ikweta. Juu ya udongo hakuna aliyeuliza. Ikapita miaka arobaini na zaidi, ndipo udongo ulipojibu wenyewe, nalo jibu lake liligharimu sana.

Ili tuelewe jibu hilo, hatuna budi kwanza kujua jinsi milima hii miwili ilivyofanyika.

Kilimanjaro ni mlima wa moto. Zamani sana ulipasuka mara nyingi, ukatoa mawe yaliyoyeyuka, ukatoa na majivu. Juu ya Kibo kuna shimo la moto liitwalo kwa jina la Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyeupanda mlima ule mara nyingi. Humo hata leo hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti. Mlima Meru, jirani yake, ulitoa majivu kidogo mwaka wa 1910. Na Ol Doinyo Lengai, katika nchi ya Wamasai, ulitoa majivu mengi mwaka wa 2007 na wa 2008, hata malisho ya ng'ombe yakafunikwa.

Majivu hayo si kama majivu ya jikoni. Ya jikoni ni mabaki ya kuni. Majivu ya mlima ni mawe yaliyoyeyuka ndani ya nchi, yakarushwa juu kwa nguvu, yakavunjika-vunjika kuwa chembe ndogo kama unga, yakapoa upesi hata yakawa kama vumbi la chupa. Kwa kuwa chembe hizo ni ndogo, tena hazikupata nafasi ya kuwa jiwe lililokomaa, mvua huzila upesi. Zikiisha kuliwa na mvua na kuchanganyika na majani yaliyooza, hugeuka kuwa udongo ambao hauna mfano katika nchi yetu ya Tanga.

Udongo huo wa majivu una alama zake, na mtu aweza kuzijua kwa mikono na macho bila chombo chochote. Kwanza ni mweusi, au wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, kwa sababu hushikamana na mboji, yaani majani na mizizi iliyooza, wala haiachi iishe upesi. Pili ni mwepesi. Lita moja ya udongo huo ukiisha kukaushwa haifiki kilo moja, bali lita moja ya udongo wa kawaida wa shambani huweza kupita kilo na robo. Tatu, ukiusugua baina ya vidole ukiwa mbichi, huteleza kama sabuni na kutoa maji uliyodhani hayamo. Nne, hunywa mvua kama sifongo na kuitoa polepole, hata mmea hauoni kiu upesi. Tena ndani yake chembe za majivu huendelea kuoza, na kila zinapooza huwapa mimea chokaa na potasi na vyakula vingine. Wataalamu huuita andosoli; jina hilo limetokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya udongo mweusi, maana Japani nayo ina milima mingi ya moto.

Hata hivyo tusiusifu kupita kiasi. Udongo huu una choyo moja: huikamata fosforasi, ambayo ni chakula kikubwa cha mizizi na mbegu, ukaifungia ndani yake hata mmea ukashindwa kuipata. Dawa yake ni samadi. Na hapo ndipo tunapoiona akili ya Wachaga. Wao hawakusema, Tuna majivu, na tulale. Walifunga ng'ombe nyumbani, wakawakatia majani, wakapeleka samadi kihambani chini ya migomba. Wakachimba mifongo ili kuyaleta maji kutoka msituni. Wamisionari Wakatoliki walipopanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, mibuni ilikuta udongo mwema, ikakuta na watu waliokwisha kujua kuutunza. Wakulima hao wakaanzisha chama chao cha kwanza mwaka wa 1925, na mwaka wa 1933 kikafuatwa na kile chama cha ushirika kijulikanacho kwa herufi KNCU.

Sasa turudi Usambara. Milima hii haikutokana na moto wa namna ile. Mawe yake ni ya kale mno; yalipikwa na kukandamizwa chini kabisa ndani ya nchi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye sana nchi ilipasuka, upande mmoja ukainuka na mwingine ukashuka, ndiyo sababu milima hii ina magenge makali upande wa Mombo. Majivu mapya hayakuja kuufanya upya udongo wake. Na upepo wa bahari huleta mvua nyingi. Pale Amani hunyesha karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Mvua hiyo imeuosha udongo karne kwa karne, kama mama aoshaye mchele hata maji yakatoka meupe. Chokaa imekwenda na maji, potasi imekwenda na maji. Kilichobaki ni udongo mwekundu, mwekundu kwa kutu ya chuma, wenye kina kirefu na mzuri kwa macho, lakini ni mchachu, na akiba yake ni haba.

Basi mtu atauliza: Kama udongo ni maskini, ule msitu mkubwa wala nini? Hili ndilo swali ambalo waliokuja zamani hawakuliuliza. Jibu ni kwamba msitu hula kilichoanguka kutoka kwake wenyewe. Jani huanguka, huoza, na kabla mvua haijapata nafasi ya kukichukua chakula kile, mizizi midogo iliyofumwa juu ya udongo kama mkeka hukidaka na kukirudisha juu kwenye majani mengine. Chakula hicho huzunguka daima, chini na juu, wala hakikai ghalani. Kwa hiyo twaweza kusema hivi: Kilimanjaro ina ghala chini ya nyumba, Usambara haina ghala, chakula chake chote ki chunguni. Mwenye ghala akimwaga chungu chake atapika tena. Asiye na ghala akikimwaga, watoto watalala na njaa.

Mwaka wa 1891 Wadachi, yaani Wajerumani, wa ile kampuni ya Afrika ya Mashariki walianza kupanda kahawa Derema, katika Usambara ya Mashariki. Waliuona msitu wakaamini, kama yule msafiri wetu, kwamba miti mirefu ni shahidi wa udongo ulioshiba. Wengine wakawafuata, na kwa muda wa miaka michache makampuni kadhaa yakakata misitu milimani. Wakaletwa wafanyakazi kutoka mbali, wengi wao Wanyamwezi. Mwaka wa 1893 ikaanza kujengwa reli kutoka Tanga. Mwaka wa 1896 ikafika Muheza, na watu walitazamia kwamba mizigo ya kahawa ndiyo itakayoilipia gharama yake.

Miti ikaangushwa, ikachomwa, mibuni ikapandwa katika majivu yake. Nayo ikastawi. Hapa ndipo penye mtego, nasi twaomba msomaji asimame kidogo. Majivu yale hayakuwa majivu ya mlima, yalikuwa majivu ya msitu. Yalikuwa ni akiba yote ya miaka mingi, iliyokuwa ndani ya mashina na majani, ikamwagwa chini kwa siku moja. Kwa miaka michache mmea hula karamu, na mwenye shamba husema, Tazameni udongo huu ulivyo mwema! Kumbe si udongo umlishao, ni marehemu msitu. Kisha mvua huja, huichukua sehemu ya majivu. Na mavuno huchukua sehemu nyingine, yakaenda nayo merikebuni. Nayo mizizi iliyokuwa ikikidaka chakula haiko tena.

Ndivyo ilivyokuwa. Mibuni ilianza vema, kisha ikadhoofika. Wadudu waliotoboa mashina waliikuta ikiwa dhaifu. Tena katika miaka ile ile bei ya kahawa ilishuka duniani, kwa kuwa Brazili ilivuna nyingi mno. Fedha nyingi zilipotea katika milima ile. Mashamba mengine yakaachwa, na wenye makampuni wakaanza kutafuta zao jingine mahali pengine.

Zao hilo lilipatikana kule chini pwani. Mwaka wa 1893 Dokta Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani; ikafika Tanga 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote ya mkonge ambayo baadaye yaliijulisha Tanga duniani. Hata reli, iliyoanzwa kwa tumaini la kahawa ya Usambara, ikaja kubeba mkonge wa nchi ya chini. Na mwaka wa 1911 ilipofika Moshi, ikaikuta nchi ya majivu ya kweli.

Mwaka wa 1902 Serikali ya Wadachi ilianzisha Amani chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, na udongo ukaanza kupimwa. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza wakakirithi chuo kile, na katika miaka ya 1930 alikuwako Amani mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne. Bwana huyu alizunguka Tanganyika kwa miezi mingi, akichimba mashimo na kutazama. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba udongo wa kilele cha kilima, wa ubavuni na wa bondeni hushikana kama pete za mnyororo: kiondokacho juu hupokewa chini. Mwaka wa 1935 aliupa mpango huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na wataalamu wa dunia nzima walitumia jina hilo hata leo. Mwaka wa 1937 aliandika juu ya udongo wa Usambara ya Mashariki na mashamba yake. Alifariki mwaka wa 1942. Twaona ni heshima kwa mkoa wetu kwamba fundisho hili, ambalo limeingia katika vitabu vya nchi nyingi, lilitoka katika mlima wetu.

Katika karne hiyo ya 20 chai ikaenea Usambara ya Mashariki, hata Derema, palipokuwa na kahawa ya kwanza. Chai hupenda udongo mchachu, hufunika nchi isipigwe na mvua, tena hutiwa mbolea. Yaani, baada ya hasara nyingi watu walikubali kuuliza kwanza udongo unataka nini.

Tusidhani kwamba kosa lile lilikuwa la wageni peke yao. Sisi wenyewe tumelifanya. Wakulima wengi wa Usambara ya Mashariki walipanda iliki msituni, kwa kuwa mmea huo hupenda kivuli na bei yake ilikuwa njema. Walifyeka vichaka vya chini, wakaacha miti mikubwa. Kwa miaka kadhaa walivuna, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto. Kisha iliki ikachoka, miti midogo iliyopasa kurithi mahali pa mikubwa haikuwapo tena, na mahali pengi wakageuza shamba kuwa la mahindi au mihogo, mwisho wakatafuta msitu mwingine. Hatuwalaumu, maana ada ya shule haingoji. Lakini mtu akihama kila udongo unapochoka, iko siku atafika ukingoni, na mbele yake hapana msitu tena. Mwaka wa 1997 Serikali iliutenga msitu wa Amani kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na tangu hapo ukingo huo umekuwa karibu zaidi.

Upande wa Usambara ya Magharibi, Mlalo, ambako misheni ya Kilutheri ilianza mwaka wa 1891, jambo lilikuwa jingine. Huko watu walikuwa wengi na mashamba yamepanda mpaka mahali pa mwinuko mkali, na mvua iliteremsha udongo. Mwaka wa 1946 Serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuwalazimisha watu walime kwa matuta ya kukata maji, na mwaka wa 1950 ukaenezwa katika Usambara yote. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia akina mama. Asiyeitenda alitozwa faini. Watu wakaukataa kwa hasira, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaachwa. Tukiangalia sasa, twaona kosa la pande mbili. Wenye amri hawakutaka kusikiliza, na tuta lao, ijapokuwa lilizuia udongo usiondoke, halikuweza peke yake kurudisha chakula kilichokwisha kuondoka. Na hasira ya watu, ijapokuwa ilikuwa ya haki, haikuuzuia udongo usiteremke. Tangu mwaka wa 1981 mpango mwingine ulijaribiwa Lushoto: kupanda mistari ya majani ya guatemala kwa kukata mwinuko, kuyakatia ng'ombe waliofungwa, na kurudisha samadi shambani. Mpango huu ulifahamika zaidi, kwa sababu majani yale yale yaliyozuia udongo yalileta pia maziwa.

Msomaji akaaye pwani asiseme, Hayo ni ya watu wa milimani. Mto Zigi hushuka kutoka Usambara ya Mashariki, na bwawa la Mabayani, liwanyweshalo watu wa mji wa Tanga, hujazwa na mto huo. Ule mnyororo wa Bwana Milne hauishii mguuni pa mlima. Udongo uliokuwa ubavuni mwa Amani huweza kuonekana katika ndoo ya mama mmoja wa Ngamiani.

Sasa tuseme neno tulilokusudia. Mungu hakuipa kila milima urithi mmoja. Kilimanjaro aliipa majivu ya moto, yakae na kuoza kwa maelfu ya miaka. Usambara aliipa msitu, uwe ndio hazina yake. Anayetazama Kilimanjaro akatenda vivyo hivyo Usambara ni kama mtu afanyaye matumizi kwa mshahara wa jirani. Tena kumbukeni kwamba hata mwenye ghala, Mchaga, hakuacha kupeleka samadi. Je, sisi tusio na ghala tutaweza kuacha? Tusichome mabua, tuyalaze shambani yaoze. Tusiache nchi uchi wakati wa mvua ya masika. Tupande miti katikati ya migomba, tufunge ng'ombe au mbuzi na kurudisha kinyesi chao. Na msitu uliobaki tuuache usimame, kwa maana chini yake hakuna hazina iliyofichwa. Hazina ni wenyewe.

Kila mwaka kanisani twasomewa mfano wa Mpanzi, nasi tumezoea kuufikiri kwa habari za moyo, na ndivyo ipasavyo. Lakini Bwana wetu alipousema, aliwasemea wakulima, nao walijua kwamba mbegu ilikuwa moja na mpanzi mmoja, bali udongo ulikuwa mbalimbali, na mavuno yakafuata udongo.

Washambaa wana maneno mawili ya kale. Hunena kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Zamani maneno hayo yalimhusu mfalme: akiwa na nguvu na amani, mvua hunyesha na nchi hupona, wafalme wakigombana, njaa huingia. Siku hizi hakuna mfalme Vuga wa kumlaumu wala wa kumwomba mvua. Maneno yale yamerithiwa na kila mtu mwenye jembe. Jioni mkulima arudipo nyumbani, na ajiulize mbele za Mungu swali moja tu: Leo nimeiponya nchi, au nimeiharibu?